Ndugu yako amefungwa kwa kosa asilofanya: nani husaidia, na siku zinahesabiwaje

Mwaka 1982 mahakama nchini Uganda ilimhukumu kunyongwa kijana wa Masaka aitwaye Edmary Mpagi, pamoja na binamu yake Fred Masembe. Walikutwa na hatia ya kumuua mtu wa huko huko kwao. Huyo mtu alikuwa hai. Watu wa kijijini walijua yuko hai, lakini kujua kwao hakukuwa kwenye jalada la kesi, na jaji huamua kwa yaliyo kwenye jalada.

Masembe alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi alibaki Luzira, upande wa wanaosubiri kunyongwa, hadi mwaka 2000 alipotoka kwa msamaha wa Rais. Miaka 18 tangu hukumu. Waliomtoa ni watu wa kawaida kwanza: ndugu, majirani na watu wa kanisa waliokwenda ofisi hadi ofisi wakisema yule mnayesema ameuawa yupo, njooni mumwone. Baada ya kutoka, Mpagi alitumia maisha yake kupinga adhabu ya kifo na kuwatembelea waliobaki gerezani.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo ndugu wengi wa wafungwa hawalijui. Kumtoa mtu aliyefungwa kimakosa si kazi ya wakili peke yake. Sehemu kubwa ni kutafuta karatasi na watu, na hiyo inaweza kuanzia hapa Ivuna, kwenye kibaraza cha nyumba yako. Lakini ina muda wake, na muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Siku kumi za mwanzo

Chukua mfano wa kijana aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hiyo ndiyo adhabu ya chini kwa kosa hilo Tanzania Bara, hakimu hana ruhusa ya kushuka chini yake. Siku ya hukumu familia inalia, mama anazimia, watu wanarudi nyumbani kupanga mambo ya watoto na shamba. Wiki mbili zinapita. Wakati huo saa ya rufaa imeshaanza kwenda.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mtu anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu atoe notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Notisi ni karatasi fupi tu, inayosema sijaridhika na nitakata rufaa. Kisha rufaa yenyewe, yenye sababu zake, iwasilishwe ndani ya siku 45. Muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi katika hizo 45. Kama kesi ilikuwa Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya na muda ni siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30.

Aliye gerezani hahitaji kutoka ili afanye hayo. Anawasilisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye anazipeleka mahakamani. Magereza yana fomu za notisi, na wafungwa wa muda mrefu huwa wanawafundisha wageni namna ya kuzijaza. Kwa mikoa yetu, kwa muda mrefu rufaa za kutoka mahakama za wilaya za Songwe zimekuwa zikienda Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya, na Mahakama ya Rufani huja Mbeya kwa vikao vyake.

Muda ukipita, mlango haujafungwa kabisa. Mfungwa anaweza kuomba aongezewe muda, akieleza sababu. Kukaa gerezani bila kupewa nakala ya hukumu ni sababu ambayo mahakama zetu zimeikubali mara nyingi, kwa kuwa mfungwa hawezi kwenda masijala mwenyewe. Lakini maombi hayo nayo yanakula miezi, na mtu yuko ndani.

Msaidizi wa kisheria si wakili, na hapo ndipo faida yake

Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi Tanzania Bara. Ni watu wa kwetu: mwalimu mstaafu, mama wa kikundi, kijana aliyemaliza sekondari. Wamepewa mafunzo na kusajiliwa. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu kama wakili, wala kudai malipo. Kazi yao ni kueleza sheria, kusaidia kuandika barua, kufuatilia nakala, kumwelekeza mtu kwa wakili wa kujitolea, na kutembelea walio kizuizini.

Wakili wa Mbeya au Dar es Salaam hawezi kuja Ivuna kumtafuta shahidi ambaye mahakama haikumsikia. Masika barabara ya huku mnaijua wenyewe. Msaidizi wa kisheria ndiye anayejua nyumba ya mchunga ng'ombe aliyekuwa mnadani siku ile, na ndiye anayeweza kukaa na wazee mpaka wakumbuke kama mwezi ulikuwa umeandama au la.

Jirani zetu ng'ambo ya mto Songwe wametangulia katika hili. Malawi ilianza mwaka 2000 kuwapeleka wasaidizi wa kisheria ndani ya magereza. Wanawafundisha mahabusu kwa michezo ya kuigiza jinsi kesi inavyokwenda, nini cha kumjibu hakimu, na namna ya kuomba dhamana. Baadaye, adhabu ya kifo ya lazima ilipofutwa huko mwaka 2007, wafungwa wa zamani walitakiwa kupangiwa adhabu upya. Majalada mengine yalikuwa yamepotea kabisa. Wasaidizi wakaenda vijijini kutafuta ndugu na majirani waeleze huyu mtu alikuwa nani na alilelewaje. Zaidi ya watu 100 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa walitoka. Si wote walikuwa hawana hatia, na hiyo haikuwa hoja ya zoezi lile. Kinachotuhusu ni kwamba sehemu ya kazi iliyowatoa ilifanywa vijijini.

Kenya na Uganda wana mtindo mwingine. Shirika la Justice Defenders, lililoanza kwa jina la African Prisons Project, linawafundisha sheria wafungwa wenyewe pamoja na askari magereza. Morris Kaberia, aliyekuwa polisi nchini Kenya, alihukumiwa kifo kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu. Akiwa gereza la Kamiti akasoma sheria na kuanza kuwaandikia wenzake rufaa. Mwaka 2018 mahakama ikaifuta hukumu yake mwenyewe, na akarudi kufanya kazi hiyo hiyo akiwa nje.

Wanatafuta nini kwenye jalada

Huko Marekani, mradi unaoitwa Innocence Project ulianzishwa mwaka 1992 na mawakili wawili, Barry Scheck na Peter Neufeld. Silaha yao kubwa ni vipimo vya vinasaba. Damu au nywele iliyohifadhiwa miaka 20 inapimwa, inaonekana si ya mfungwa, anaachiwa. Sisi kesi zetu nyingi hazina damu iliyohifadhiwa. Zina maneno ya mashahidi na karatasi za polisi. Kwa hiyo anayesaidia hapa anasoma karatasi mstari kwa mstari, na kuna sehemu ambazo macho yake yanakwenda kwanza.

Ya kwanza ni utambuzi wa usiku. Kesi nyingi za uvamizi huku vijijini hutokea gizani, na shahidi anasema nilimtambua. Tangu mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa aina hiyo ni dhaifu, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi anatakiwa aeleze: alimwona kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani? Alimfahamu kabla? Kusema tu kulikuwa na tochi hakutoshi. Tochi aliishika nani? Kama aliishika mvamizi na akakumulika usoni, wewe uliyemulikwa uliona nini zaidi ya mwanga? Sisi tunaotembea usiku kwa tochi za simu tunaijua hali hiyo bila kufundishwa na jaji.

Linalofuatana na hilo: shahidi alimtaja mtuhumiwa lini? Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, iliyoripotiwa mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kumtaja mtu mapema, mara tu baada ya tukio, kunaongeza uzito wa ushahidi, na kuchelewa bila maelezo kunatia shaka. Ndiyo maana ni muhimu kujua usiku ule, watu walipokusanyika kwa yowe, aliyevamiwa alisema nini. Alitaja jina, au alisema sikuwatambua? Mwenyekiti wa kitongoji, mgambo, majirani, wote hao walisikia. Kama hakuna aliyeitwa mahakamani, hilo nalo ni jambo la kumweleza wakili.

Ya pili ni maelezo ya onyo, yale ambayo polisi huandika mtuhumiwa akikiri. Sheria inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa 4 tangu akamatwe, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha unaweza kutolewa kwenye hesabu, na kutoka huku mpaka kituo kikubwa si mwendo mdogo. Ana haki pia ya kuomba ndugu au wakili awepo. Maelezo yaliyochukuliwa kinyume cha utaratibu yameondolewa kwenye rufaa nyingi, na mara nyingine yakiondolewa hakuna ushahidi unaobaki. Kwa hiyo saa ni kitu cha kuandika. Alikamatwa saa ngapi, nani aliona? Alifika kituoni saa ngapi? Ndugu wakiandika kwenye daftari siku ile ile, kesho yake hawasahau.

Ya tatu ni kukiri kosa mbele ya hakimu. Mtu anasomewa shtaka, anajibu ni kweli, anafungwa. Aliyekiri kikamilifu hana rufaa juu ya hatia, anaweza kulalamikia adhabu tu. Lakini kukiri lazima kuwe hakuna utata, na maelezo ya kosa yasomwe kwa lugha anayoielewa, naye ayakubali. Mtu akisema "ni kweli nilichukua ng'ombe, lakini ni wa baba yangu", huyo hajakiri wizi. Kwa mzee anayezungumza Kinyamwanga au Kiwanda au Kisukuma zaidi ya Kiswahili, swali la lugha si dogo.

Kuna pia utetezi wa kwamba mshtakiwa alikuwa mahali pengine. Unatakiwa kutolewa taarifa mapema, kabla upande wa mashtaka haujafunga kesi. Usipotolewa, hakimu anaweza asiupe uzito wowote. Watu wengi wasio na wakili huutaja kwa mara ya kwanza siku ya kujitetea, na wanashangaa kwa nini hukumu imeupita kama haupo.

Kesi ya Rombo iliyofika Arusha

Kwa kosa la mauaji, mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Kwa makosa mengine mazito, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka mingi watu walisimama peke yao na kufungwa miaka 30. Mmoja wao ni Alex Thomas, aliyeshtakiwa Rombo, Kilimanjaro. Hakuwa na wakili, na alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kesi iliendelea na kufungwa bila yeye kutoa utetezi wake. Rufaa zake zote ndani ya nchi zilishindwa.

Umoja wa Mawakili wa Afrika, wenye ofisi Arusha, ulimwakilisha mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama hiyo ilisema haki yake ya kusikilizwa ilikuwa imevunjwa, na kwamba alistahili kupewa wakili bila malipo hata kama hakuomba. Haikusema hana hatia, wala haikuamuru aachiwe moja kwa moja. Ilisema serikali irekebishe madhara, na kwamba kurudia kesi upya kungemwumiza tu, maana alikuwa ameshakaa ndani takriban miaka 20 kati ya 30. Wafungwa wengine wengi wa Tanzania walifuata njia hiyo na kushinda kwa hoja hiyo hiyo ya kukosa wakili.

Njia hiyo sasa ni finyu. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu wananchi na mashirika kwenda wenyewe moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na kuanzia Novemba 2020 kesi mpya za namna hiyo hazipokelewi. Mahakama yenyewe bado iko Arusha, hapa hapa nchini. Mwananchi wa kawaida hana namna ya kuifikia moja kwa moja. Kwa maoni yetu hiyo ni hasara kubwa kwa watu wa vijijini kuliko wa mjini.

Kilichobaki ndani ya nchi, baada ya Mahakama ya Rufani kusema mwisho, ni kuomba mahakama hiyo hiyo ifanye mapitio ya uamuzi wake. Muda ni siku 60 na sababu ni chache: kosa linaloonekana wazi kwenye uso wa hukumu, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Si rufaa ya pili.

Kutoka si lazima kuwe kusafishwa

Wengi wanakumbuka kesi ya mwanamuziki Nguza Viking na wanawe, waliofungwa maisha mwaka 2004. Hatuingii kwenye swali la nani alifanya nini, na watoto waliotajwa kuwa waathirika katika kesi ile wanastahili heshima. Lakini familia hiyo moja inaonyesha milango mitatu tofauti. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili wa wanawe kwa kuwa ushahidi dhidi yao haukutosha. Hao walifutiwa hatia. Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe Nguza na mwanawe Papii Kocha, wakatoka. Msamaha unafungua geti, haufuti hukumu. Machi 2018, wakiwa tayari nje, Mahakama ya Afrika ikasema haki yao ya kujitetea haikuheshimiwa katika baadhi ya mambo.

Kuna mlango wa nne ambao ndugu huwa hawautarajii. Mahakama inaweza kukuta kesi iliendeshwa vibaya, ikaifuta, kisha ikaamuru isikilizwe upya. Mfungwa anaambiwa umeshinda, halafu anarudi mahabusu. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, kanuni ni kwamba kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Wakili mzuri huomba hilo waziwazi siku ya rufaa, asisubiri jaji alifikirie mwenyewe.

Pa kuanzia

Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri, ambaye anavifahamu vikundi vya wasaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Mawakili Tanganyika na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, navyo hutoa msaada kwa wasio na uwezo. Mwaka 2023 serikali nayo ilianzisha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozunguka mikoani. Msaada huu ni bure. Anayekuambia tuma hela nimwone hakimu, au nina mtu gerezani, ni kishoka, na fedha hiyo ingetosha nauli ya Mbeya na kurudi.

Ukienda, usiende na maneno peke yake. Mtu wa kusaidia atakuuliza jina kamili la mfungwa kama lilivyoandikwa mahakamani, namba ya kesi, mahakama iliyomhukumu, tarehe ya hukumu, gereza alipo na namba yake ya mfungwa. Kama una nakala ya hukumu, ipige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, juani, herufi zisomeke, kabla mchwa au mvua havijaifikia. Kama huna, omba kwa karani wa mahakama ile kwa barua, ubaki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaothibitisha kwamba ucheleweshaji haukuwa wako. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, ila nyingi za zamani ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo mtafute mwalimu akusomee.

Halafu kaa na waliokuwepo siku ya tukio, mmoja mmoja, uandike kila mmoja alichokiona na alichokisikia, na tarehe uliyoongea naye. Usiwafundishe la kusema. Mwanga ulitoka wapi. Nani alitajwa jina usiku ule, na nani hakutajwa.